Mazingira ya Uvimbe: Neno Lililomliza Dada Yangu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hadi Aprili 2022 sikuwa nimewahi kuingia katika wodi ya watoto wenye saratani, seuze kukesha humo. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, mwaka wa kwanza, nikiandaa pendekezo la utafiti kuhusu mandhari katika riwaya ya Kiswahili. Swali lililoninyima usingizi siku hizo lilikuwa hili: je, mandhari ni jukwaa tu ambapo mhusika hutendea mambo yake, au ni nguvu inayomfinyanga mhusika hata akatenda atendayo? Msimamizi wangu alishikilia hili la pili. Mimi nilisitasita. Nilidhani huo ni mjadala wa maktabani, na kwamba ukiisha maktabani umekwisha.

Kwetu ni Kaunti ya Busia, katika nyanda za chini zinazoteremka kuelekea Ziwa Viktoria. Mvua ni ya kutosha, mbu ni wengi, na malaria ni ugonjwa ambao mama hawezi kukumbuka mwanawe ameuugua mara ngapi. Dada yangu ndiye kifungua mimba nami ni kitinda mimba. Alinibeba mgongoni kabla ya kumbeba mwanawe mwenyewe. Mwana huyo, ambaye nitamwita Baraka ingawa silo jina lake, alikuwa na umri wa miaka sita. Mimi ndimi mjomba wake wa pekee, na kwetu mjomba huwa na deni kwa mpwa hata kabla mpwa hajazaliwa.

Katikati ya Februari mwaka huo gego moja la Baraka lilianza kulegea. Dada alinipigia simu. Nilikuwa maktabani, nikaikata. Akanitumia picha: shavu la kushoto lilikuwa limevimba kidogo, kama la mtoto aliyeficha peremende. Nilimjibu kwa ujumbe mfupi: "Ni jino tu, dada. Mpeleke ling'olewe." Alipiga tena jioni. Sikupokea, kwa kuwa nilikuwa na wasilisho la semina kesho yake.

Mng'oa meno wa sokoni aling'oa magego mawili. Uvimbe haukupungua. Kituo kimoja cha afya kilimpa vidonge vya kutibu usaha wa jino. Wiki mbili baadaye kituo kingine kikampa vidonge vingine. Meno yaliyosalia upande ule yakawa yanacheza katika ufizi. Nyanya alisema hicho ni kijicho cha jirani ambaye alikuwa amegombana naye kuhusu mpaka wa shamba. Wengine walishauri maombi, nayo yakafanywa. Zikapita wiki saba. Jicho la upande huo lilipoanza kusukumwa nje, tabibu mmoja wa hospitali ndogo alimchungulia mtoto kinywani, akanyamaza kidogo, kisha akaandika barua ya rufaa papo hapo.

Katika hospitali kuu mojawapo ya magharibi mwa Kenya, kipande kidogo cha uvimbe kilikatwa na kutazamwa kwa hadubini. Jibu lilikuwa limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga ya mwili. Nilipanda basi la usiku kutoka Nairobi, nikawakuta dada na nyanya wameketi ukingoni mwa kitanda, Baraka amelala katikati yao.

Daktari wa wodi alikuwa mwanamke kijana aliyelelewa Nairobi. Alikuwa na Kiingereza cha taaluma yake na Kiswahili cha mtaani. Dada na nyanya walikuwa na Kisamia, na Kiswahili cha kanisani na sokoni. Aliposikia kwamba nasomea Kiswahili uso wake ulikunjuka. "Leo wewe ndiwe mkalimani wangu," akasema. Nilijiona nimepata nafasi ya kukitumia kisomo changu kwa jambo la maana.

Alieleza kwa Kiingereza, nami nikafasiri. Alisema kwamba saratani hii si rundo tu la seli zilizoasi. Seli hizo hutegemea vitu vilivyo kando yake ili ziishi na kukua, na kwa mtoto wa kwetu, malaria ya mara kwa mara huutayarisha mwili kwa namna fulani. Nilitafuta neno la kukusanya maelezo hayo yote, likanijia kwa urahisi, hata nikalionea fahari. Nikasema: "Dada, daktari anasema kwamba uvimbe huu una mazingira yake, na mazingira hayo ndiyo yaliyomletea Baraka ugonjwa."

Dada alinitazama kwa muda. "Mazingira gani?" akauliza. "Nyumba yangu ni chafu?"

Mpenzi msomaji, sisi tunaozungumza habari za mazingira katika kumbi za mihadhara husahau neno hili limepitia wapi kabla ya kutufikia. Kwa mama wa kijijini, mazingira ni jambo linalokuja na afisa wa afya anayekagua vyoo. Ni mabango ya shuleni kuhusu usafi. Ni mkutano wa chifu kuhusu takataka na maji yaliyotuama. Mtu akikwambia kwamba mazingira yamemdhuru mwanao, amekwambia kwamba hukufagia. Dada yangu hufagia ua wake kabla jua halijachomoza. Alilia bila sauti, shuka la mtoto likiwa mkononi, na daktari hakujua nilikuwa nimesema nini.

Nilijaribu kurekebisha. Nikasema si mazingira ya nyumbani, bali ni majirani wa ule uvimbe, majirani wanaousaidia kukua. Kosa la pili likawa baya kuliko la kwanza. Nyanya, aliyekuwa kimya muda wote, aliinua kichwa. "Sikuwaambia?" akasema. "Jirani! Sasa hata daktari ameona."

Jioni hiyo nilimkuta dada anakunja nguo za Baraka na kuzitia mfukoni. "Heri tukaugulie nyumbani," alisema, "ambako hakuna anayetuona wachafu." Daktari alikuwa amesema dawa zianze asubuhi, na kwamba kila siku ina uzito wake. Nilimwomba dada anipe usiku mmoja tu. Hakunijibu, lakini aliuweka mfuko chini.

Usiku huo daktari alikuwa zamu. Wodi ilipotulia nilimwendea mezani pake nikamweleza nilivyoharibu. Hakunilaumu. Alichukua karatasi, nami nikafungua daftari langu la utafiti, lile la mandhari, tukaanza upya.

Alianzia mbali. Mwaka 1889 tabibu Mwingereza Stephen Paget alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Aliona kwamba saratani haisambai ovyo mwilini, huchagua viungo. Akaifananisha na mbegu, ambazo hupeperushwa kila upande lakini huota pale tu udongo unapozikubali. Kwa miaka mingi baada yake wataalamu waliitazama zaidi mbegu. Siku hizi udongo nao unachunguzwa kwa makini: mishipa ya damu inayoulisha uvimbe, nyuzi zinazoushikilia, na seli za kinga ambazo zilipaswa kuuangamiza ila zikashindwa au zikageuzwa zikautumikia.

Kisha alinisimulia habari za Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto ambaye taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, kushoto na kulia. Muda si muda akamwona mwingine, na mwaka 1958 akaandika kuhusu uvimbe huo. Jambo lililonigusa ni kwamba Burkitt hakuanza kwa kuuliza seli hii ni ya aina gani. Aliuliza watoto hawa wanatoka wapi. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu takriban kilomita 16,000 kupitia nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, wakitembelea hospitali na kuuliza iwapo uvimbe huo umeonekana. Ramani iliyopatikana ilikuwa mkanda unaokata Afrika katikati: mahali penye joto, mvua na mbu. Karibu na ikweta, ukipanda kupita mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ugonjwa ulipungua mno. Nilipoisikia habari hiyo nilimkumbuka msimamizi wangu. Burkitt alikuwa amechunguza mandhari kabla ya kumchunguza mhusika.

Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Virusi hivyo, vinavyoitwa Epstein-Barr, vimo katika miili ya zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani, navyo huenezwa kwa mate. Kwa walio wengi havileti saratani yoyote. Basi virusi peke yake havitoshi kueleza kwa nini mtoto wa Busia augue na wa kwingineko asiugue.

Hapo ndipo malaria inapoingia. Watafiti waliolinganisha watoto wa Kisumu, ambako malaria ni ya mwaka mzima, na watoto wa nyanda za juu za Nandi, ambako ni haba, waliona kwamba watoto wa Kisumu huwa na virusi hivyo kwa wingi zaidi katika damu, na huambukizwa wakiwa wachanga zaidi. Aidha, mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha malaria, katika maeneo inakokithiri, miongoni mwa mambo ambayo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu.

Nilimuuliza jambo moja zaidi: uvimbe hukua kwa kasi gani? Alisita, kisha akasema limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote za binadamu. Seli zake huweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili. Nilizihesabu zile wiki saba. Sikuandika hesabu hiyo daftarini.

Asubuhi niliketi tena na dada na nyanya, daktari akiwa kando. Nilikuwa nimeamua kutotafuta nomino. Usiku kucha nilikuwa nimezipima: mazingira, majirani, mandhari, maskani, kitongoji. Kila moja ilikuja na mzigo wake. Nikaona heri nisimulie.

Nilisema hivi: mwilini mwa Baraka mna askari. Wengine kazi yao ni kutengeneza silaha za kupigana na magonjwa. Malaria inapoingia, askari hao huitwa kwenye matezi, wakazaana upesi na kuchonga silaha mpya. Ili wazichonge, hulazimika kukata na kuunga maandishi yaliyo ndani yao, yale yanayoambia kila seli ifanye nini. Malaria ikija mara moja, kazi hufanywa ikaisha. Ikija tena na tena, askari hawapumziki, na anayekata na kuunga usiku na mchana ipo siku atakosea. Kwa Baraka, askari mmoja aliunga vibaya. Andishi linaloamuru "ongezeka", ambalo madaktari huliita jeni ya MYC, lilihamia mahali ambapo haliwezi kuzimwa. Seli iliyoharibika namna hiyo kwa kawaida hujiua. Lakini vile virusi, ambavyo vimo hata katika mate ya daktari huyu na mate yangu, huisaidia isife. Na askari wengine ambao wangevidhibiti virusi wamechoshwa na malaria ileile.

"Wako pia wafagiaji," nikaendelea. Hapa nilimwomba daktari aonyeshe picha ya hadubini katika simu yake. Uvimbe huu una sura ambayo madaktari huifananisha na anga lenye nyota: seli za saratani zimejazana kama giza, na katikati yake mna madoa meupe. Madoa hayo ni makrofaji, seli zinazokula mabaki ya seli zilizokufa. Wanafanya kazi waliyoumbiwa. Lakini tafiti zilizofanywa kwa panya zinaonyesha kwamba seli za limfoma zinapokufa huwavuta wafagiaji hao, nao huishia kuzisaidia zilizo hai zistawi. Hawana nia mbaya. Wamekuta kazi, wakaifanya.

Nyanya aliitazama picha ile kwa muda mrefu. "Kwa hiyo hakuna aliyemtupia mtoto kitu?" akauliza.

"Hakuna, nyanya."

Dada akauliza, "Wala si nyumba yangu?"

"Nyumba yako ni safi, dada. Mbu huingia hata ikulu."

Alinyamaza. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimelingoja tangu niliposhuka basini. "Na siku ile nilipokupigia simu, kama ungepokea?"

Daktari alikuwa anasubiri nifasiri. Sikufasiri. Nilimwambia dada kwamba siwezi kujua, ila kutopokea lilikuwa kosa langu, na kwamba ile kauli yangu ya "ni jino tu" niliitoa bila kufikiri. Hakusema amenisamehe. Alisimama, akazitoa nguo za Baraka mfukoni, akazipanga upya katika kijikabati cha kando ya kitanda.

Dawa zilianza siku hiyo. Kabla yake na pamoja nazo mtoto alitiwa maji mengi mshipani, kwa sababu uvimbe unaokua kwa kasi hufa kwa kasi pia, na mabaki yake yanaweza kuziba figo. Ya kwanza ilikuwa siklofosfamidi, dawa iliyotumiwa dhidi ya ugonjwa huu tangu enzi za Burkitt mwenyewe. Nyingine zilifuata, baadhi zikidungwa katika uti wa mgongo. Siku ya tano shavu lilikuwa limenywea. Baraka alitapika, nywele zikapukutika, vidonda vikajaa kinywani hata akakataa uji. Lakini jicho lilirudi mahali pake.

Wiki hizo nilijifunza kwamba mtoto mgonjwa naye ana vinavyomzunguka, na hivyo navyo huamua. Kitanda cha pili kutoka chetu kilikuwa na msichana mwenye ugonjwa huohuo. Uvimbe wake ulikuwa tumboni, na baada ya awamu ya kwanza ya dawa ulikuwa umepungua kama wa Baraka. Mamake alikuwa ameacha watoto wengine watatu kwa shangazi. Baada ya awamu ya pili aliomba ruhusa awaone na kutafuta nauli. Tulimngoja. Kitanda kilikaa kitupu kwa siku chache, kisha kikapewa mtoto mwingine. Hawakurudi muda wote tuliokuwa pale.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha wastani ni chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kufikisha angalau asilimia 60 ulimwenguni kufikia mwaka 2030, na limfoma ya Burkitt ni mojawapo ya saratani sita zilizopewa kipaumbele. Nilipozisoma takwimu hizo nilimfikiria yule msichana. Seli zake hazikuwa na tofauti kubwa na za mtoto wa London. Tofauti ilikuwa nauli, umbali, watoto waliobaki nyumbani, na mtu wa kumweleza mamake, kwa lugha aielewayo, kwa nini uvimbe uliokwisha kunywea bado unahitaji dawa. Kuhusu hilo la mwisho, nilikuwa nimeketi hatua nne kutoka kwake na sikuwahi kumwambia neno. Nilikuwa mkalimani wa jamaa zangu tu.

Kabla hatujaruhusiwa kurudi nyumbani, mimi na daktari tulikaa jioni mbili tukaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili kwa ajili ya wazazi. Unaeleza uvimbe ni nini, kwa nini si kosa la mama, na kwa nini dawa zisikatizwe shavu linapopungua. Neno mazingira halimo. Nimeandika insha nyingi za kitaaluma tangu hapo, lakini hakuna niliyoipitia na kuifuta mara nyingi kama ukurasa ule.

Wanachama wenzangu, tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi, kisha tukaketi tukaziunda na kuzichapisha. Ni kazi njema, nami ningali naifanya. Hata hivyo, istilahi ni ya wataalamu wanaokwisha kuelewana. Mama aliye kando ya kitanda hahitaji kujua uvimbe uitweje; anahitaji kujua kilichotendeka, nani alitenda, na kama alikuwa yeye. Kwa haja hiyo sisi wana wa fasihi tunacho kitu cha kutoa, maana masimulizi ndiyo kazi yetu. Ipo hospitali karibu na kila chuo chetu.

Tasnifu yangu imebadilika. Sisitisiti tena kuhusu mandhari. Mdogo wake Baraka, aliyezaliwa mwaka 2021, amedungwa chanjo ya malaria, ile ambayo ilianza kutolewa nchini mwetu Septemba 2019 katika Kaunti ya Homa Bay. Iwapo chanjo hiyo itapunguza pia uvimbe wa taya, miaka ndiyo itakayoonyesha. Baraka mwenyewe sasa yuko Gredi ya Nne. Ana pengo upande wa kushoto, nalo humfanya apige mluzi kuliko wenzake wote. Na simu ya dada ikilia, hata niwe nawasilisha semina, natoka nje nikaipokea.